AC za spliti kwenye nyumba za mlimani Mwanza: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ndo maswali ambayo fundi yeyote wa AC anayepanda Isamilo, Bugando, Capri Point, Bwiru, Mabatini au Igogo anakutana nayo, mengine unapigiwa simu saa sita usiku mtu kaloa jasho anataka jibu hapo hapo. Nimejibu kwa lugha ya kawaida, anayetaka lugha ya kitabu afungue kile kitabu kilichokuja na mashine (najua umekitupa). Na kitu kimoja nakisema mapema kabisa, AC ya mlimani mara nyingi haiuliwi na gesi, inauliwa na mahali ilipofungwa: jiwe, radi, umeme wa mwisho wa laini, urefu wa bomba na njia ya maji. Watu wanajaza gesi kila baada ya miezi miwili mitatu wakati tatizo liko nyuma ya nyumba.

AC haitoi ubaridi, si fundi aongeze tu gesi?

Subiri kwanza boss wangu. Gesi ya AC haiishi kama mtungi wa kupikia, inazunguka mle mle kwenye mabomba miaka na miaka, ikipungua maana yake kuna mahali inatoka. Fundi anayekuja, anachomeka geji (kipima presha), anajaza, anapokea hela anasepa bila kutafuta panapovuja, huyo kakuuzia ubaridi wa muda.

Kabla hujampigia mtu angalia mwenyewe. Rimoti iko kwenye alama ya theluji au watoto wameweka feni tu? Filta za ndani zikoje, zitoe ushike juani, kama huoni mwanga upande wa pili basi ndo hizo. Halafu toka nje uone feni ya mashine ya nje inazunguka au imesimama. Kama feni inazunguka lakini kompresa (ile pampu inayosukuma gesi) haingurumi, au inanguruma sekunde chache inakata, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza kuzunguka, na kapasita ni kitu cha bei ndogo kinachobadilishwa muda mfupi sana. Ila usiiguse wewe, inatunza chaji hata umeme ukiwa umezimwa.

Ukitaka kujua inapoza vizuri au la, iache iwake dakika kama 15, pima joto la hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12 au zaidi mashine iko salama, shida yako ni chumba, mapazia, jua la jioni, au BTU ndogo (yani nguvu ya AC kupoza haitoshi chumba).

Nitajuaje basi kwamba kweli gesi imepungua?

Angalia pale mabomba mawili yanapoingia mashine ya nje. Lile jembamba likiganda barafu na nene likiwa kavu na la uvuguvugu, hapo gesi ni pungufu. Barafu ikiwa ndani kwenye koili, usikimbilie gesi, filta chafu au feni ya ndani iliyojaa uchafu nayo inaleta barafu hiyo hiyo.

Fundi akiweka geji, AC ikiwa inafanya kazi kwa hali ya hewa ya kwetu, kwa gesi aina ya R22 unategemea presha ya kama psi 60 hadi 70, R410A kama 110 hadi 130, R32 inakaribiana na R410A ila juu kidogo. Lakini namba ya geji peke yake haitoshi hasa kwa AC za inveta kwa sababu kompresa inabadili kasi yenyewe. Njia ya kweli ni mizani: lebo ya mashine ya nje imeandika gramu ngapi, unatoa yote kwenye chupa ya kukusanyia, unavuta vakyumu (pampu inanyonya hewa na unyevu wote kwenye mabomba), unapima unaingiza. Fundi asiye na mizani anakisia, awe na uzoefu wa miaka mingapi anakisia.

Huwa inavujia wapi hasa?

Kwenye nati za maungio. Mdomo wa bomba ulipanuliwa vibaya, au ulikazwa kwa spana moja bomba likajisokota. Spana ziwe mbili siku zote, moja inashikilia nyingine inakaza. Kwenye nyumba zetu za mawe kuna pengine pa pili ambapo watu hawapaangalii, bomba likipita juu ya jiwe bila kushikiliwa linatikisika kila AC ikiwaka, linasugua jiwe taratibu hadi sponji inaisha halafu shaba inaanza kuliwa. Nimeona bomba limetoboka katikati ya njia, mbali kabisa na maungio, mafundi waliotangulia walikuwa wanakaza nati tu.

Kupima ni povu la sabuni na naitrojeni. Narudia NAITROJENI. Wapo wanaotumia oksijeni ya kuchomelea kwa sababu iko karibu, oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, watu wamekufa sehemu mbalimbali duniani kwa kosa hilo. Ukimuona anaunganisha mtungi wa oksijeni kwenye AC yako, mshushe mlimani.

Mashine ya nje tumeiweka chini kabisa karibu na geti, chumba kiko juu. Kuna shida?

Inategemea ni mbali kiasi gani. AC ndogo za BTU 9,000 na 12,000 nyingi zinaruhusu bomba la mita 15 hadi 20 jumla, na tofauti ya kimo kati ya ndani na nje mita 8 hadi 10, kubwa za 18,000 na 24,000 zinaenda mbali zaidi, kitabu chake ndo kinasema. Nyumba ya kawaida ya tambarare haifiki huko hata siku moja. Ila ya Bugando au Mabatini yenye ngazi za zege kama za kupanda mnara, mita 10 za kimo ni ukuta wa msingi, baraza na chumba kimoja, umemaliza.

Kuna na la gesi. Mashine inakuja na gesi ya bomba la mita 5 hivi, nyingine 7 na nusu. Ukizidisha unaongeza, kwa bomba jembamba la robo inchi ni kama gramu 15 hadi 20 kila mita inayozidi. Wengi hawaongezi kabisa halafu mteja analalamika tangu siku ya kwanza kwamba AC mpya ni mbovu. Si mbovu, ina njaa tangu izaliwe.

Na bomba refu lifunikwe yote mawili, kila moja na sponji yake. Kwenye AC hizi za ukutani gesi inapanuliwa huko huko kwenye mashine ya nje, kwa hiyo hata bomba jembamba ni la baridi. Ukiliacha wazi linatoa jasho, linalowesha ukuta, na ubaridi unaishia njiani. Sponji nyeusi ikikaa juani juu ya jiwe inakuwa unga, izungushie tepu au uipitishe ndani ya bomba la plastiki.

Sisi ni kinyume, mashine ya nje iko juu ya jiwe nyuma ya nyumba, vyumba viko chini.

Hapo shida ni mafuta. Kompresa ina mafuta yake na kiasi kidogo kinasafiri na gesi, kinatakiwa kirudi. Mashine ya nje ikiwa juu, mafuta yanatakiwa yapande bomba nene kwa kusukumwa na gesi, na AC ya inveta ikiwa inatembea polepole usiku gesi haina nguvu, mafuta yanabaki chini. Kompresa inakauka, inapiga kelele ya chuma, inakufa, halafu watu wanasema brandi fulani ni feki.

Dawa ni mtego wa mafuta, yani bomba nene unalikunja umbo la U pale linapoanza kupanda, na kama kimo ni kirefu unaongeza mwingine katikati kwa umbali ambao kitabu kimetaja. Mafuta yanajikusanya pale hadi yanaziba, gesi inayasukuma kwa mkupuo. Kazi ya dakika chache wakati wa kufunga, ila ukiifanya baadaye unakata bomba, unatoa gesi, unaanza upya.

Fundi anasema pampu yake ya vakyumu ni nzima lakini geji haifiki 30, inaishia 26. Ananidanganya?

Swali zuri kuliko yote na hata mafundi wanagombana kwa hili. Hakudanganyi. Geji ya mshale inapima kwa kulinganisha na hewa iliyokuzunguka. Dar ukiwa usawa wa bahari vakyumu kamili inasoma karibu inchi 30. Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na wewe uko mlimani juu ya ziwa, hewa ya hapa ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo vakyumu kamili kwa Mwanza ni kama inchi 26 tu, ikienda zaidi ya hapo geji ndo mbovu. Fundi aliyesomea Dar akija huku anaweza kuisumbua pampu siku nzima akitafuta 30 ambayo haipo.

Ukitaka kumaliza ubishi tumia geji ya maikroni, hiyo haijali uko mlimani au baharini, ikishuka chini ya 500 ukafunga valvu na ikatulia, bomba ni kavu na halivuji. Ikipanda polepole ikasimama, kuna unyevu. Ikipanda bila kusimama, panavuja.

Hao wanaosema vakyumu haina haja, "tunapuliza hewa kwa gesi yenyewe inatosha", waambie hiyo ilikuwa ya zamani ya R22 na hata enzi hizo ilikuwa mbaya. Mafuta ya R410A na R32 yananyonya unyevu vibaya sana, yanageuka asidi yanakula waya za kompresa.

Kwa kuwa tuko juu hewa ni nyepesi, je AC inapungua nguvu?

Kidogo. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na pwani, feni inasukuma hewa pungufu kwa uzito. Ila Mwanza pia si joto la Dar, inajifidia. Usinunue BTU kubwa kwa sababu hiyo.

Nyuma ya mashine ya nje kuna jiwe kubwa, inasaidia kivuli?

Kivuli sawa, joto hapana. Mawe yetu yanakunywa jua mchana kutwa na yanalitema usiku, weka kiganja saa mbili usiku utaona bado ni la moto. Na mashine ya nje inatupa hewa ya moto mbele, ikikutana na jiwe lingine au ukuta wa kuzuia udongo umbali wa hatua moja, hewa ile ile inarudi nyuma inavutwa tena. Mashine inapumua moshi wake, presha inapanda, kompresa inapata moto inakata, umeme wa LUKU unakimbia. Mteja anaona "AC inapoza usiku wa manane tu mchana haiwezi".

Mbele ya feni acha nafasi, kama mita moja na nusu hadi mbili ukiweza, nyuma sentimita 20 hadi 30. Nyumba nyingi za mlimani zimebana kati ya jiwe na ukuta hazina hiyo nafasi, basi igeuze itupe hewa kwa urefu wa kichochoro badala ya kuligonga jiwe, au inyanyue juu ya stendi ipite kimo cha jiwe. Mara kadhaa nimeona AC "iliyokufa" ikifufuka kwa kugeuzwa tu bila kununua hata nati.

Na stendi ifungwe kwenye jiwe zima lililoshikana na ardhi au zege, si jiwe lililokaa juu ya udongo. Mvua za masika zinachimba udongo chini, jiwe linahama kidogo tu, mashine inainama, bomba linakunjika.

Kila mvua ya radi bodi ya AC (ile saketi inayoiongoza) inaungua. Nimeshabadilisha, inaungua tena.

Hapa tukae kidogo kwa sababu hapa ndo hela nyingi zinapotea. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, hasa zile za usiku zinazozaliwa ziwani. Si lazima radi ipige nyumba yako, ikipiga karibu na nguzo inatosha, umeme mkubwa wa ghafla unapita kwenye waya na kitu cha kwanza kufa ni bodi za vitu vya kisasa, AC ya inveta ikiwemo.

Unanunua kinga ya umeme wa ghafla, unaifunga, bodi inaungua vilevile. Kwanini? Kwa sababu kinga ile kazi yake ni kuuelekeza ule umeme ardhini, na wewe huna ardhi, una jiwe. Nondo ya erthi inatakiwa izame mita moja na kitu kwenye udongo wenye unyevu, sasa fundi umeme alipofika Isamilo akapiga nyundo mara mbili akagonga mwamba, akaikata nondo akabakiza kipande cha mkono akakifukia, akafunga waya wa kijani kwa kupendeza. Ukiangalia unaona erthi ipo. Ukiipima haipo.

Kinachotakiwa ni kupima kwa kipima erthi, wengi tunalenga chini ya omu 10, na nimekuta nyumba za juu zina mamia. Kama hapo ulipo ni mwamba, tafuta mfuko wa udongo ulipo, hata kama ni chini kule kwenye migomba, peleka waya mnene wa shaba ufukie huko, nondo ziwe kadhaa zimeachana na zimeunganishwa. Au unachimba mtaro mrefu usio na kina na kulaza waya wa shaba mtupu. Ile dawa ya mkaa na chumvi inasaidia kwa muda, ila mlimani mvua inaisafisha chumvi yote na chumvi yenyewe inakula shaba.

Ukishapata erthi, hapo kinga ina maana. Na bado radi ikianza kunguruma, zima AC kwenye breka, si kwa rimoti. Rimoti inaiambia ilale tu, waya bado umeunganishwa.

Jioni AC inawaka inazima, feni inakuwa nzito. Ni AC au umeme?

Pima volti saa mbili usiku, si saa nne asubuhi. Umeme wetu unatakiwa uwe 230. Nyumba za juu nyingi ziko mwisho wa laini, transfoma iko chini barabarani, jioni kila mtu akiwasha unakuta 180 au chini. Kompresa ya kawaida isiyo ya inveta ikijaribu kuwaka kwa volti hizo inashindwa kuzunguka, inavuta ampia nyingi, inapata moto. Inveta inavumilia zaidi lakini nayo ina mwisho.

Toa taarifa TANESCO upate namba ya taarifa, wakati unasubiri funga stebilaiza ya ukubwa wa kutosha, kwa BTU 12,000 isiyo ya inveta usishuke chini ya kVA 3, ikiwezekana 5, kwa sababu ya ule mvuto wa kuwaka. Iwe na ucheleweshaji wa dakika 3 umeme ukirudi, kompresa ikilazimishwa kuwaka wakati presha bado haijasawazika inagoma.

AC imeandika herufi na namba, ndo imekufa?

Hapana, inakusaidia. Kwa mfano Gree ikiandika E6, LG ikiandika CH05 au Daikin ikiandika U4, zote zinasema mashine ya ndani na ya nje haziongei. Mara nyingi ni waya unaounganisha mashine hizo mbili, na milimani waya huo umeungwa njiani kwa tepu kwa sababu uliokuja kwenye boksi haukufika. Kiungo kikiingia maji, mazungumzo yamekwisha. Vuta waya mmoja mzima bila kiungo kabla hujanunua bodi, tafadhali.

Sababu ya pili ni wanyama. Mjusi kafiri anaingia kwenye bodi ya nje kutafuta joto anagusa sehemu mbili, anakufa na bodi yake. Sisimizi wanajaa kwenye swichi ya kompresa. Panya wanakula waya. Wale mijusi wa mawe wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, ambao jina lao la kisayansi Agama mwanzae limetokana na mji wetu, mimi sijawakuta kwenye bodi, wao wanapenda kuota jua juu ya mashine tu, waacheni.

Wadudu wa ziwani wanahusika vipi?

Wanahusika sana. Yale mawingu ya wadudu yanayopanda kutoka ziwani, mara nyingi mwezi unapoandama, usiku yanafuata taa. Sasa mtu kafunga taa ya ulinzi juu kabisa ya mashine ya nje. Asubuhi mapezi ya nyuma yamezibwa na wadudu, wakilowa umande wanakuwa uji, wakikauka wanakuwa plasta. AC inakata kwa joto, fundi anasema gesi.

Hamisha taa, iende upande wa pili wa baraza. Na uoshe mapezi kwa maji ya bomba ya kawaida, ukitokea ndani kwenda nje kama unaweza kufungua, sabuni laini. Usiipeleke mashine ya kuoshea magari pale, inalaza mapezi yote na ukishayalaza umejizibia mwenyewe.

Maji yanadondoka ndani ukutani.

Kama yalianza ghafla, bomba la kutolea maji limeziba kwa ule ute, lipulize au livute kwa mashine ya kufyonza. Kama yapo tangu siku ya kwanza, mteremko haupo. Bomba linatakiwa lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda popote.

Ila nyumba ya mlimani ina kesi yake, chumba cha nyuma ambacho ukuta wake umezikwa kwenye mlima. Nyuma ni udongo au jiwe, huwezi kutoboa kutokea nje, maji yanatakiwa yavuke chumba kizima kwenda mbele na mteremko unakosekana. Wanayaleta kwa kona nne tano, yanagoma. Hapo ama uihamishie mashine ya ndani ukuta wa pembeni, ama ununue pampu ndogo ya maji ya AC. Pampu ikifa maji yanarudi chumbani, kwa hiyo chagua yenye swichi ya kuizima AC maji yakijaa. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua nahamisha mashine, kitu kisicho na mota hakiharibiki.

Jirani wa chini analalamika maji yanamdondokea kwenye bati.

Ana haki. AC moja kipindi cha mvua inaweza kutoa hata lita moja kwa saa, usiku kucha tone tone juu ya bati la mwenzio, wewe ungelala? Unganisha bomba lishuke hadi kwenye mfereji au ndoo, maji yale unaweza kumwagilia maua au kudekia, si ya kunywa. Na usiyaache yamwagike kwenye udongo ulioshikilia msingi wako au wake.

AC yangu ni ya R22, niibadilishe?

Ikiwa nzima, itumie. Ila ujue R22 inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, nchi kama zetu zilitakiwa kupunguza matumizi kwa asilimia 67.5 kufikia 2025 na 97.5 kufikia 2030. Kwa hiyo kompresa ikifa leo usiiponye, nunua mpya. R410A haiharibu ozoni ila inapasha dunia joto sana, ndo maana Oktoba 2016 nchi zilikutana hapa jirani Kigali wakakubaliana kuzipunguza na hizo, na ndo maana madukani sasa R32 imejaa, athari yake kwa joto la dunia ni kama theluthi moja ya R410A.

R32 inashika moto, si kwa urahisi kama gesi ya jikoni lakini inashika. Hakuna sigara, hakuna kuchomelea bomba lenye gesi. Na kuchanganya gesi mbili kwenye mashine moja ni kuiua, hata fundi akikuapia.

Nahama, AC inahama vipi?

Gesi inafungiwa kwenye mashine ya nje: AC ikiwa kwenye ubaridi unafunga valvu ya bomba jembamba, unasubiri geji ishuke karibu na sifuri, unafunga valvu nene, unazima haraka. Onyo moja tu: kama mashine inavuja au bomba limeshafunguliwa, usifanye hivyo kabisa, kompresa inavuta hewa, hewa na mafuta vikibanwa pamoja vinaweza kulipuka.

Kwanini fundi ananitoza zaidi kwa sababu tu nakaa mlimani?

Dada yangu, mtungi wa R410A una gesi ya kilo 11.3 bila uzito wa chuma chenyewe, kuna pampu, kuna naitrojeni, kuna mizani na ngazi, na boda inaishia pale chini kwenye duka. Halafu mashine yako imening'inia upande wa bonde. Akija na kamba na mkanda wa usalama mlipe vizuri. Akija bila kamba mrudishe akachukue, akianguka kwako utalipa zaidi ya hiyo. Na mtungi usiachwe juu ya jiwe juani wakati yeye anakunywa soda.

Huduma kila baada ya muda gani, na fundi nimuulize nini?

Filta uoshe mwenyewe kila wiki mbili hadi mwezi, barabara ya vumbi fanya wiki mbili. Huduma kamili mara mbili kwa mwaka inatosha, moja kabla ya vuli. Fundi muulize amesomea wapi, VETA wanafundisha majokofu na viyoyozi, na wa umeme awe na leseni ya EWURA. Kisha muulize ana mizani na geji ya maikroni? Akicheka, tafuta mwingine.

Hivi kwa upepo wa ziwa huku juu, nahitaji AC kweli?

Nyumba nyingi za juu, sebule haihitaji. Mchana upepo unatoka ziwani unapanda, usiku unageuka unashuka, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana weka nyavu za wadudu, umemaliza. Kinachohitaji AC ni kile chumba cha nyuma kilichoegemea jiwe, hakina upepo na ukuta wake una joto hadi usiku. Hicho kifungie BTU 9,000 ya inveta, mashine ya nje iende ubavuni penye hewa, hela inayobaki ipeleke kwenye erthi.